Mtu Mzima Kuanzia Shingoni

Kosa la kwanza lilikuwa la lugha, na halikuwa langu. Memsabu alisimama mlangoni pa karakana yangu, jasho likimtiririka kwenye pua iliyobabuka kwa jua, akaniambia kwa kile Kiswahili walichokuwa wakijifundisha Wazungu huko mashambani kwao bara, cha kuamrisha tu: “Fundi, mimi nataka mutu muzima. Leta kesho.”

Nikamletea mtu mzima. Nilimchagua kwa makini: jirani yangu mmoja mwenye ndevu nyeupe, wajukuu kumi na mmoja, bakora ya mpingo na kikohozi cha miaka. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa na kujipaka uturi. Memsabu akamtazama toka juu hadi chini, akanigeukia, akasema hapana, si huyu, yeye anataka mutu muzima. Nikamjibu kwamba mzima kuliko huyu labda nikamfukue. Jirani yangu aliudhika mara mbili, kwanza kwa kukataliwa, pili kwa kutajiwa kaburi asubuhi-asubuhi, na mpaka alipokufa kweli hakuwahi kunisamehe.

Ilituchukua nusu siku kuelewana. Kumbe alitaka kutengeneza sanamu la mtu kamili, kutoka utosini hadi nyayoni, kimo cha watu wawili waliobebana, si yale ya kichwa na mabega wanayoyaweka juu ya makabati ya ofisini. Alikuwa msanii. Vita kuu vya pili vilikuwa vimekwisha, na kamati moja ya Wazungu wenzake hapa Mombasa ilikuwa imemwagiza sanamu la hamali mwenye gunia begani, lisimamishwe kule Kilindini kuwashukuru makuli wa bandari kwa kazi waliyoifanya wakati wa vita. Njia za kumshukuru hamali zilikuwa nyingi. Wangeweza hata kumuuliza mwenyewe anataka nini. Wakaona sanamu ni rahisi zaidi, maana halijibu mtu.

Mimi nilikuwa fundi wa nakshi. Nilichonga milango, au niseme nilikuwa nangojea kuchonga milango, kwa kuwa miaka ile watu wa Mji wa Kale walikuwa wakiuza milango ya babu zao badala ya kuagiza mipya. Tezo na patasi zangu zilikuwa zimeanza kushika kutu. Kulikuwa na kazi moja tu niliyoitaka kwa roho yangu yote. Mimbari ya msikiti wa mtaa wetu ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka khatibu alikuwa akipanda kwa kunyata, na wazee walikuwa wakitafuta fundi wa kuchonga mpya. Mlango wa msikiti huo aliuchonga babu yangu. Kabati la misahafu alilichonga baba yangu. Mimi nilikuwa nimepita miaka thelathini na sikuwa na hata kijiti changu mle ndani. Kila Ijumaa nilikaa nikiitazama ile mimbari kama paka anavyomtazama samaki wa jirani, na hotuba nyingi za miaka hiyo sikuzisikia.

Sasa mtu anayetaka kuchonga mimbari anatafuta nini kwenye sanamu? Ndilo swali aliloniuliza mke wangu, huku akinipa mgongo. Nikamwambia mkono mtupu haulambwi. Akanijibu kwamba mkono wenye udongo wa masanamu hautalambwa vilevile, tena utanawishwa nje ya nyumba yake.

Nikaenda kwa mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa wazee wa msikiti na mjuzi wa kila kilichokatazwa na njia ya kukipitia kando. Nikambusu mkono, nikamweleza. Alisugua goti lake, kisha akatoa hukumu ambayo wakili wa Kihindi angeionea wivu.

“Sanamu ni kitwa, mwanangu,” alisema, kwa Kimvita chake cha zamani kinachoita kichwa kitwa. “Kiumbe hakina kitwa, kitakuwa na roho? Mbuzi ukisha kumtinda, ni mbuzi ama ni nyama?”

“Ni nyama, mjomba.”

“Basi wewe fanya nyama. Kuanzia shingoni kwenda tini, hapana neno. Kitwa muatie mwenyewe Mzungu, dhambi hiyo haitamwelemea. Lakini ukikigusa kitwa, hini mimbari utaiona kwa mato tu.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, nikiwa fundi wa mtu kuanzia shingoni kwenda chini.

Memsabu alikuwa amekodi nusu ya bohari la Mhindi mmoja karibu na bandari ya kale. Nusu nyingine ilibaki na vitunguu, tende na kamba za makumbi, kwa hiyo sanaa yetu ilinuka vitunguu tangu siku ya kwanza. Nilimsimamishia mifupa: boriti mbili za miguu, moja ya uti wa mgongo, ubao wa mabega, halafu vyote vikazungushiwa waya wa kuku na kamba za yule Mhindi. Juu ya mifupa tukapiga udongo wa mfinyanzi. Ule udongo ulikuwa ukikauka upesi kwa joto la kaskazi, kwa hiyo asubuhi na jioni ilibidi kuunyunyizia maji na kuufunika kwa magunia mabichi. Ukiwa tayari ungepigwa kalibu ya jasi, na ndani ya kalibu ile ndimo lingemwagwa sanamu lenyewe.

Memsabu alifanya kazi tofauti na mimi. Yeye aliongeza. Alichukua donge, akalipiga bandiko, akarudi nyuma, akavuta sigara, akaongeza jingine. Mimi tangu utoto nimefundishwa kupunguza: ua limo ndani ya ubao, wewe unaondoa kisichokuwa ua. Mwezi wa kwanza alinicheka kwa kulikata paja la sanamu kwa patasi. Mwezi wa pili aliniachia mapaja yote mawili. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akikaa juu ya sanduku la chai, akinielekeza kwa ncha ya sigara, na kiwiliwili chote kilikuwa kimepita mkononi mwangu. Yeye alikiita kazi yake, na mimi sikukereka, maana nami nilikuwa nikimwambia mjomba hivyohivyo.

Hamali wa kuigwa alipatikana Kilindini. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, kifua kama mlango wa jumba, na shingoni alivaa vitu viwili katika uzi mmoja: msalaba mdogo wa shaba na kipande cha bati chenye namba yake ya bandarini. Alikuja siku alizokosa zamu, akasimama juu ya jukwaa na gunia begani. Gunia lenyewe memsabu alilijaza sufi ya mto ili asichoke. Mtu aliyezoea kupandisha magunia ya saruji ngazini siku nzima alipewa gunia la sufi asimame nalo, na baada ya robo saa akaanza kutetemeka magoti. “Fundi,” aliniambia, “kubeba iko rahisi. Hii ya kubeba bila kwenda ndiyo mbaya.”

Wazee wakapata habari. Alasiri moja baada ya sala wakatokea wanne, mjomba mbele, na nyuma yao yule jirani yangu wa kikohozi, aliyekuja kwa kisasi. Walikuja kukataza. Wakakuta kiwiliwili kisicho na kichwa, kirefu kuliko mlango, kimevaa shuka ya udongo iliyoishia juu ya magoti. Mjomba akawaonyesha pale shingo ilipoishia, kwa kidole, kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba. Hukumu yake ikakubaliwa. Lakini watu wanne hawawezi kutoka nyumbani kwao wakarudi bila kukataza chochote.

“Mbona magoti yako nde?” akauliza jirani yangu. “Hata nyama ina haya.”

Wakajadili magoti mpaka magharibi ikawakaribia. Mwisho wakaamua shuka iteremshwe shubiri moja. Nikamtafsiria memsabu kwamba wazee wanaona mkunjo wa shuka haukukaa sawa. Akafurahi, akasema hajapata kuona watu wa kawaida wenye jicho la sanaa namna hii, na akaiteremsha shuka kwa mikono yake.

Kuanzia hapo walikuja kila siku. Muuza kahawa akahamishia dele lake mlangoni. Mzee mmoja muuza mikeka, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutazama sanamu, alisema shavu la mguu wa kushoto limejaa kuliko la kulia. Mwingine akasema ni haki, kwa kuwa uzito uko kushoto. Wakagombana siku tatu, wakamvua hamali viatu, wakampapasa miguu kama mbuzi wa Idi, na mwisho ikadhihirika muuza mikeka alikuwa na haki, nikapunguza. Watu waliokuja kutuzuia tusimfanye binadamu walikuwa wakinisimamia mmoja mmoja: kidole, ukucha, mshipa wa mkono. Na kwa kweli lilikuwa likipendeza. Sijawahi kusimamiwa vizuri hivyo, hata na marehemu baba.

Kichwa kilikuwa pembeni peke yake, juu ya kigoda, nyuma ya pazia la marekani. Memsabu alikitengeneza mwenyewe, na mimi nilihakikisha pazia limeshuka kabla ya wazee kuingia. Tulikuwa tumekitawisha kama mwari. Hamali alipomaliza kusimama kwa ajili ya mwili alikwenda nyuma ya pazia kukaa kwa ajili ya uso, na nilimsikia memsabu akimwambia: “Cheka. Cheka mingi.” Kamati ilitaka hamali mwenye furaha.

Siku moja alitoka nyuma ya pazia akanikuta nakata kisigino. “Fundi, hii kichwa inacheka nini? Mtu na gunia juu ya bega, anacheka nini?”

“Mimi mambo ya kichwa siyajui,” nikamwambia.

Akakaa karibu yangu. Aliniambia kwamba yuko Mombasa mwaka wa nne, na bandarini jina lake hakuna alijuaye. Huitwa kwa ile namba ya bati, hata na wenzake. Alimwandikisha mtu barua kwenda kwa mama yake, kwamba mwanawe atasimama kando ya bahari siku zote, meli zikiingia zinamwona. “Sasa mama akipata mtu wa kumleta, ataona mjinga anacheka. Atasema huyu si wangu.” Alitaka uso wake tu. Niliendelea kukata kisigino, nikijiambia uso ni wa memsabu, na mimbari ni yangu.

Halafu memsabu akashikwa na malaria, akalazwa hospitali. Alipokuwa akipandishwa kwenye gari, meno yakimgongana, alinishika mkono: “Fundi, tia maji. Asubuhi, jioni. Yote.”

Hilo “yote” likanitia mashakani. Nikaenda kwa mjomba kumuuliza: kukinyunyizia kichwa maji ni kukigusa, au si kukigusa? Mtu mwenye akili angetia maji akanyamaza. Lakini sisi watu wa Mji wa Kale hatuwezi kuona mlango wazi tukapita bila kuuliza kama ni mlango. Mjomba akafikiri. “Kitu ukikitia mai kisife,” akasema, “ni kukilea. Na mlezi ni nusu mzazi.”

Basi nikatia maji kuanzia shingoni kwenda chini. Siku tisa. Nilifunika mabega kwa magunia mabichi, nikalowesha miguu, nikapita mbele ya pazia nikitazama upande mwingine, nikiona nafsi yangu ni ya mcha Mungu kweli.

Hamali alikuja siku ya kumi. Makuli walikuwa wamegoma, Kilindini imenyamaza, na maduka mengi mjini yamefungwa, hata yule Mhindi alikuwa amekaa nyumbani kwake. Aliingia na kwenda moja kwa moja kuvuta pazia. Nikamwona mgongo wake tu. Nikaenda. Udongo ulikuwa mweupe kwa ukavu. Pua ilikuwa chini, imevunjika vipande viwili. Ufa ulianzia kwenye pembe ya lile tabasamu ukapanda mpaka sikioni, hivi kwamba sasa alikuwa akicheka kweli, tena kupita kiasi alichotaka memsabu.

“Miguu ulitia maji,” alisema.

“Nilitia.”

“Mpaka wapi?”

Nikamwonyesha kwa mkono, hapa shingoni. Nilipousikia mkono wangu mwenyewe ukinigusa koo, niliona aibu ambayo sijaisahau. Hakunikasirikia. Alisema tu, “Umenikausha, fundi,” akaanza kuokota vipande vya pua.

Kamati ilikuwa inakuja baada ya juma moja. Ninaweza kusema nilimwonea huruma memsabu, na nilimwonea. Ninaweza kusema nilimwonea huruma hamali, na yeye zaidi. Lakini ukweli mwingine ni huu: kwa miezi mitano nilikuwa nimefanya mtu mzima ila pale penye mtu, na mikono ilikuwa ikiniwasha. Nikafunga mlango wa bohari kwa komeo. Nikamwambia hamali akae.

Tulifanya siku nne, baina ya adhuhuri na alasiri, saa ambazo Mji wa Kale wote umelala chali kwa joto. Nililundika udongo mbichi, donge kubwa kama mtungi, nikashika patasi, nikapunguza. Sikumwambia acheke. Sikumwambia chochote. Alikaa pale, mtu aliyegoma, asiyejua kesho atafukuzwa au atafungwa kule Ngomeni, ambako siku hizo kulikuwa jela, akanitazama, nami nikakata nilichokiona. Taya lilijifunga. Paji la uso lilikuwa na makunyanzi mawili, na nikayatia yote mawili. Nilipofika kwenye kope mkono ulisita, maana sikuwahi kukata kope. Nilichojua kukata ni jani la ua. Nikakata kope kama majani ya ua, yenye ule ukingo wa mistari miwili alioutumia babu kwenye mlango wa msikiti, ila niliyafumba nusu, kwa kuwa yeye ndivyo alivyonitazama: amechoka, wala hajalala.

Siku ya nne akainuka akaja kukiona. Alijishika uso wake, akakishika kile. Akasema neno moja la kikwao ambalo sikumuuliza maana yake. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, nikatamani kutoka nje nimwamshe kila mtu.

Badala yake niliwahi hospitali kumwomba memsabu aseme ni kazi yake. Alikuwa ameshapata nafuu. Alirudi bohari siku ya pili yake, mwembamba na wa manjano, akakaa juu ya sanduku la chai mbele ya kichwa mpaka sigara ikamchoma kidole.

“Wewe ogopa nini?” akaniuliza. Nikamweleza habari ya mimbari. Hakuelewa mimbari ni nini, lakini alielewa upesi kwamba mimi nakataa na yeye anapewa. Hakunibembeleza hata mara moja. Tukapiga kalibu, tukamwaga jasi, tukakiweka kichwa shingoni kwa vijiti, na hapo kwa mara ya kwanza alisimama mtu mzima.

Kamati ilikuja watu wanne, mmoja wao bibi aliyefungua mwavuli ndani ya nyumba. Wakazunguka. Wakasifu miguu. Wakasifu mkunjo wa shuka, na nikamwona muuza mikeka mlangoni akijikohoza kwa fahari, maana wazee wetu walikuwa wamesimama nje wakichungulia. Halafu wakatazama juu. Kiingereza chao kilikuwa cha haraka, lakini swali moja nililielewa kwa kuwa walilirudia wote wanne: amekasirika nini huyu?

Memsabu alikitetea. Alikitetea kwa machozi, akapiga kifua, akasema ndicho kitu pekee cha kweli alichowahi kukifanya, mpaka mimi mwenyewe nikakaribia kuamini. Haikufaa. Mgomo ulikuwa umekwisha juma lile lile na bado walikuwa na hofu yake. Hawakutaka Kilindini pasimame hamali wa kimo cha watu wawili anayewatazama hivyo. Mwili wakaukubali. Kichwa kiondolewe, wataagiza kingine kwao, kinachocheka. Wakaondoka, na bibi akafunga mwavuli wake alipofika nje juani.

Miezi mitano mjomba alitafuta jinsi ya kumkata mtu kichwa kwa njia ya sheria, na Wazungu wanne walimkata kwa robo saa.

Hamali mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi kukitoa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kushuka na uzito ule. Alikishusha kikiwa begani, mahali pa gunia. Wazee walikuwa wameshaingia. Memsabu alikuwa nje, amewapa watu mgongo. Mjomba akaenda karibu na kile kichwa, yeye ambaye kwa sheria yake hakutakiwa kukitazama, akakitazama. Aliinama kwenye kope, kwenye ule ukingo wa mistari miwili. Mlango ule wa babu ameuingia mara tano kwa siku tangu alipopata akili zake. Niliona kwamba ameona.

Aliniuliza mbele ya wote, kwa upole, na swali lenyewe aliliweka kama mtu anayekushikia mlango upite: “Kitwa hiki ni kazi ya nani?”

Hamali alikuwa amesimama na uso wake begani, nyuso mbili zikinitazama, na hakuna iliyocheka.

“Ya memsabu,” nikasema.

Nilidhani hamali atanifichua. Alikiweka kichwa chini taratibu, akachukua lile gunia la kuigia, akalikung’uta. Sufi ikaruka bohari zima, ikawaganda wazee ndevuni, jirani yangu akashikwa na kikohozi. Kisha akakitia kichwa ndani ya gunia na kufunga kwa kamba ya makumbi.

“Basi, fundi,” aliniambia, “wewe mwambie memsabu asante. Mwambie nimejiona.”

Akabeba, akatoka. Bandarini walikuwa wamekwisha kumnyang’anya namba yake. Alikwenda stesheni akapanda gari la moshi la bara, na mzigo wake ulikuwa huo tu.

Mjomba alijipangusa sufi ndevuni, akawageukia wenzake. “Mwamwona kijana wetu? Amefanya kazi na Mzungu miezi mitano na hakupotea ndia. Huyu ni mtu mzima.” Wote wakaitikia. Mimbari nikapewa palepale, ndani ya bohari, mbele ya kiwiliwili kisicho na kichwa. Mtu mzima, nilijiambia. Kuanzia shingoni kwenda chini, labda.

Kichwa kinachocheka hakikuja. Memsabu alirudi kwao, kamati ikapata mambo mengine ya kushukuru, na bohari akabaki nalo Mhindi pamoja na mwili wangu. Hakuuvunja. Kwenye ule mkono uliokunjwa kushika gunia alitundika mizani yake ya vitunguu, na kwa miaka mingi watu wa Mji wa Kale walipimiwa vitunguu mkononi mwa yule hamali bila mtu kuona dhambi.

Mimbari niliichonga mwaka mzima, na ni nzuri, sioni haya kusema. Iko mpaka leo. Mwaka jana fundi mmoja kijana alinijia baada ya sala, akanishika mkono, akanipeleka mbele yake. Alitaka kujua nilijifunza wapi kukata majani ya ua namna ile, yaliyofumba nusu, maana akiyatazama huona kama naye anatazamwa na mtu aliyechoka.

Nikamwambia nilijifunza kwa babu yangu. Akashukuru, akaenda kwenye mlango wa babu kuhakikisha. Nilimwona amesimama pale kwa muda, akipitisha kidole juu ya maua, moja baada ya jingine. Hakuna jani lililofumba; yote yako wazi kabisa.